Majivu ya Kasoli: Maisha ya Maximiliana Nkinda, Mpika Sabuni (1932–2013)

Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka, ndugu zangu wa Kasoli. Mwangaluka wa Somanda na wa Mwanhuzi, na ninyi mliokuja kutoka Lamadi mkikaa juu ya matenga ya dagaa, poleni na safari.

Kabla sijasoma, mnijue. Mimi ni Felisita Mihayo. Marehemu alikuwa mke wa kaka yangu Selestini, kwa hiyo ni wifi yangu. Kazi hii ya kusoma ilimfaa mtoto wake mkubwa, Boniventura, mwenye sauti nzuri na tai shingoni. Lakini marehemu aliacha neno mbele ya watoto wake wote: "Wasifu wangu atausoma wifi Felisita. Na mwaka hamsini na sita asiuruke." Boniventura ndiye aliyenichapia karatasi hizi mlizonazo mkononi. Akaniambia, "Shangazi, kwenye wasifu msomaji hajitaji." Nikamwambia, mwanangu, huu utanitaja mpaka uchoke kuchapa.

Najua vilevile kwamba juzi jioni, habari ya msiba ilipofika hapa na watoto wakaomba kaburi kando ya baba yao, mzee mmoja aliuliza, "Ni yule wa majivu?" Sitamtaja, yupo pale amevaa kofia. Nilimjibu kwa simu: chimbeni, Jumamosi nitawaeleza. Leo ni Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2013, na nimekuja kueleza.

Marehemu Maximiliana alizaliwa tarehe 12 Machi 1932 huko Mwanhuzi, Meatu, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Nkinda na Mama Nyamizi. Kwao walikuwa wafugaji. Nchi ile ni kavu, maji ya kuoga yalifuatwa mbali kuliko kuni, na maziwa yalikuwa mengi kuliko maji. Mtoto wa kike alijua kutikisa kibuyu cha maziwa na kutoa samli kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Alibatizwa akiwa na miaka minane, na jina la Maximiliana lilimshinda bibi yake kutamka mpaka akafa, akawa anamwita "yule mrefu".

Mwaka 1943 alipelekwa shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1947. Mwanzoni ilikuwa bado vita ya Wazungu, na sabuni madukani ilikuwa haba. Jikoni kwa masista kulikuwa na mpishi, Mzee Januarius, mtu mwenye mdomo mkali na mikono mizuri. Yeye hakutupa kitu. Utando wa mafuta juu ya supu aliuengua, akauweka kwenye kopo. Mafuta yaliyokaangiwa, ngozi ya nyama, mifupa iliyokwisha kuchemshwa mara mbili, vyote viliingia kopo moja. Magunzi ya mahindi na maganda ya karanga aliyachoma, akakusanya jivu lake. Kisha alichukua chungu kikuukuu chenye matundu chini, akatandika nyasi, akajaza jivu, akamimina maji juu, akasubiri. Chini yakadondoka maji ya rangi ya chai, yanayouma ulimi. Akayachanganya na mafuta yale, akapika, akakoroga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akatupia chumvi ili igande, na shule nzima ikafua.

Marehemu alitakiwa kuwa darasani, lakini mara nyingi masista walimkuta jikoni na mwiko mkononi. Mzee Januarius alimfundisha kupima maji ya jivu kwa yai. Yai likizama, maji bado ni mchezo, yarudishe kwenye jivu. Likielea na kutoa kipara kidogo juu, hapo sasa umepata. Marehemu alisema hiyo ndiyo hesabu pekee aliyopata vema mwaka ule.

Likizo ya mwaka 1946 alirudi Mwanhuzi, akachukua samli ya mama yake iliyochacha, akapika sabuni yake ya kwanza peke yake. Chumvi hakuwa nayo ya kutosha, kwa hiyo haikuganda, ikabaki laini na nyeupe kidogo, akaiacha kwenye bakuli karibu na mafiga. Mzee Nkinda akarudi kutoka malishoni na njaa yake. Akaona ugali, akaona bakuli. Akamega tonge, akachovya vizuri. Jamani! Povu lilimtoka mpaka kwenye ndevu, na watoto wakakimbilia nje kucheka kwa usalama. Alipomaliza kusukutua alisema neno moja tu: "Samli ya shule ina ubishi." Lakini kesho yake alikwenda nayo kisimani, akaoga, akarudi mweupe miguuni kama bwana harusi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutupa mafuta katika kaya ile.

Kaka yangu Selestini alikuwa mkulima wa pamba hapa Kasoli. Alimwona marehemu mwaka 1950, binti huyo alipokuja hapa kumtembelea ndugu yake wakati wa mauzo ya pamba. Selestini alivaa shati lake jeupe, akijua yeye ni kijana wa maana. Marehemu akamwangalia, akasema, "Shati hili ukilileta kwetu litarudi jeupe." Basi. Selestini akalipeleka shati mpaka Mwanhuzi, safari ya siku mbili. Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 1951, na Mungu akawajalia watoto watatu: Boniventura, Benadetha na Kristofa.

Hapa Kasoli marehemu alianza kazi yake. Mabua ya pamba baada ya mavuno tuliyachoma bure shambani, yeye akayakusanya. Alipita nyumba kwa nyumba na kapu lake, akiomba jivu la jikoni na mafuta yaliyochacha, na aliyempa jivu alirudishiwa kipande cha sabuni. Sabuni yake ilikuwa ya rangi ya ugali wa mtama, na ilinuka kidogo, tuseme ukweli. Ila ilitoa uchafu ambao mche wa sabuni wa dukani uliuogopa. Wanawake walimpenda mchana, wakimwita "mayu wa sabuni", yaani mama wa sabuni. Jioni walisema mengine. Mtu gani anakusanya majivu ya watu? Mbona macho yake mekundu? Macho yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi na mvuke wa maji ya jivu, kila aliyekaa naye jikoni alijua hivyo. Lakini ninyi mnajua kwetu mwanamke mwenye jicho jekundu huitwa mchawi, na jina hilo limewahi kuleta nini.

Sasa nafika mwaka hamsini na sita. Nipeni maji kidogo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeolewa na Zengo, mchuuzi wa samaki wa Lamadi, na kwa desturi yetu nilirudi kwa mama yangu hapa hapa Kasoli kujifungua mtoto wa kwanza. Jumapili tarehe 3 Juni 1956 nilijifungua mtoto wa kiume, tukampa jina la Luhaga. Alikuwa na nywele nyingi na sauti ya mtu mzima.

Wazee wa hapa walikuwa na mwiko mmoja, na wenye umri wangu mnaukumbuka. Nyumba yenye mtoto mchanga haitoi moto wala majivu mpaka kitovu kianguke. Walisema majivu yakitoka, joto la mtoto linatoka nayo. Majivu yalirundikwa pembeni ya mafiga, na mama yangu aliyalinda kama hazina.

Siku ya nne, Alhamisi, mama alikwenda shambani. Marehemu akapita kunijulia hali. Mimi nilikuwa na rundo la vitambaa vya mtoto, vichafu, na sabuni sina. Nikamwambia, "Wifi, nipe sabuni." Akasema, "Sabuni imekwisha na jivu limeniishia. Nikipata jivu leo, Jumamosi una sabuni." Nikamwambia, "Jivu si hili hapa?" Akaliangalia lile rundo, kisha akaniangalia mimi.

"Kitovu kimeanguka?"

"Kimeanguka jana," nikasema.

Hakikuwa kimeanguka. Nilitaka sabuni. Nilichoka na harufu, nilichoka kulala, nilitaka kitu kimoja kisafi ndani ya nyumba ile. Nikainuka mwenyewe, nikazoa majivu kwa mikono yangu hii, nikajaza kapu lake. Yeye hakugusa hata punje. Alisimama mlangoni, akapokea kapu lililojaa, akashukuru, "Wabheja, wifi," akaenda zake.

Jumapili mtoto akaanza kukataa ziwa. Taya lilikaza, mwili ukawa mgumu kama ubao, akiguswa anatetemeka. Jumanne tarehe 12 Juni, mchana, Luhaga wangu alikufa.

Mama yangu aliangalia pembeni ya mafiga, akaona patupu. Akauliza, "Majivu yako wapi?" Ndugu zangu, niliogopa. Nilimwogopa mama, nilimwogopa Zengo, niliogopa kuambiwa nimemuua mtoto wangu kwa ajili ya sabuni. Na moyoni niliamini hivyo hivyo. Nikasema, "Alikuja wifi." Mama akauliza, "Ulimpa?" Nikasema, "Hapana. Nilikuwa nimelala."

Hayo ndiyo maneno. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kitovu. Huu wa pili ulitosha kumhamisha mtu.

Siku ya mazishi ya Luhaga, kabla mtu yeyote hajasema kitu waziwazi, marehemu alikuja na kipande cha sabuni mbichi, ile iliyopikwa kwa majivu yale yale, kama alivyoahidi, ingawa Jumamosi ilishapita. Akakiweka kando ya beseni la maji ili waliozika wanawe mikono. Mama yangu alikichukua kwa jani, kama mtu anayeokota kinyesi, akakitupa vichakani. Watu wakanawa kwa maji matupu. Mimi niliona, nikainamisha kichwa.

Baada ya siku tatu aliitwa mbele ya mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji siku zile. Watu walijaa. Mimi niliketi kwenye mkeka pamoja na mama. Mwanangwa hakuwa mtu mbaya, aliuliza swali lililonyooka: "Maximiliana, majivu ya nyumba ile ulipewa au ulijichukulia?"

Marehemu akanitazama. Nilijua anachokijua. Neno moja tu angesema, na mimi nisingerudi tena Lamadi kwa mume wangu, kama si jambo baya zaidi. Akanitazama muda ambao mtu anaweza kusali Baba Yetu mpaka katikati. Kisha akamgeukia mwanangwa, akasema:

"Mimi niliyakuta yameshazolewa."

Watu wakaguna. Wakasikia jibu la mtu mwenye hila, anayekataa kusema ndiyo na kukataa kusema hapana. Mmoja akasema kwa sauti, "Yamezolewa na nani, na paka?" Wakacheka. Lakini mimi nililisikia lile neno kama lilivyokuwa. Hakusema uongo. Alisema ukweli wote isipokuwa jina langu. Na mimi nilikuwa pale, na mdomo ninao, na sikuufungua.

Mwanangwa alisema ushahidi hautoshi, ila akamshauri Selestini amhamishe mke wake kwa usalama. Asubuhi iliyofuata walikuta chungu chake cha kuchujia kimevunjwa vipande. Watu waliacha kumsalimia. Mkimkumbuka Selestini, alikuwa mpole, lakini siku ile alisimama pale penye mti wa mkwaju akasema, "Mtafua kwa machozi yenu." Mwezi wa Septemba 1956, pamba ilipokwisha kuuzwa, wakapakia vitu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakahamia Somanda, Bariadi. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka minne.

Sitasema uongo kwamba alikwenda akiimba. Alilia, na alikasirika. Alikuwa na hasira, wifi yangu, tena ya kudumu. Watoto wake wanajua.

Somanda ilimpokea. Wakati ule palikuwa na nyumba chache na maduka ya kuhesabu. Alianza tena na debe lililotobolewa kwa msumari, magunzi ya majirani na mafuta ya kopo. Hakuna aliyeuliza habari za majivu. Mkunga mmoja wa zahanati, Mama Justina, aliipenda sabuni ile, akawa anaichukua kunawia mikono kabla ya kupokea watoto. Marehemu alisema hapo ndipo alipoanza tena kulala usingizi wa kawaida.

Mwishoni mwa mwaka 1957 nilikuwa mjamzito tena. Mama yangu alinitaka nirudi Kasoli. Sikuweza. Nyumba ile ilinitisha kuliko kaburi. Mwezi wa Januari 1958 nikamwambia Zengo nakwenda kwa kaka yangu Bariadi. Nikapanda lori la pamba, nikafika Somanda saa nne asubuhi, nikasimama uani kwao na furushi langu.

Marehemu alikuwa anakoroga. Hakuacha kukoroga. Akaniangalia tumbo, akaniangalia uso.

"Umekuja na majivu?" akauliza.

Nikaanza kulia. Nikasema, "Wifi, nisamehe. Niliyazoa mimi. Nilidanganya."

"Ala! Unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo." Akanipa mwiko. "Koroga, usisimame tu. Ukilia, lilia pembeni, machozi yana chumvi, yataharibu kipimo."

Hivyo ndivyo nilivyosamehewa. Hakuna padre aliyewahi kunipa malipizi mazito kuliko mwiko ule. Nilikoroga mpaka adhuhuri na tumbo la miezi minane.

Tarehe 20 Februari 1958 nilijifungua pale Somanda. Marehemu alimwambia Mama Justina anawe mara mbili, na yeye mwenyewe akanawa mpaka kwenye viwiko, akachemsha wembe mpya, akafua kila kitambaa. Mtoto akatoka, wa kike. Siku ya nne sikulala. Siku ya saba sikulala. Nilimshika taya kila saa kuangalia kama linakaza. Siku ya nane alinyonya mpaka akanitapikia, na nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka hamsini na sita. Mtoto huyo ni Benedikta, yule pale aliyesimama na mwavuli, mwenye wajukuu.

Ndipo nilipomweleza Mama Justina habari za Luhaga, jinsi taya lilivyokaza. Akauliza, "Kitovu walikata na nini?" Nikamwambia, wembe wa kunyolea, ukapanguswa kwenye pindo la kanga. Akasema, "Hiyo ni pepopunda, mwanangu. Inaingilia kwenye kitovu kutokana na uchafu. Majivu hayana kosa."

Majivu hayana kosa! Nililia siku ile kilio ambacho hakikuniumiza. Mwaka mmoja na miezi minane niliamini nimemuua mwanangu kwa kapu la majivu. Simlaumu aliyekata, ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyejua. Marehemu alikaa kando yangu kitandani. Akasema, "Basi mimi si mchawi, na wewe si muuaji. Sote tumepona. Lala."

Mtaniuliza: kwa nini basi hukuja Kasoli kusema? Nilitaka kuja mwezi ule ule. Yeye alinizuia. Alisema, "Una mtoto mchanga, Zengo ana mkono mwepesi, mama yako ana moyo mgonjwa. Subiri." Nikasubiri. Mama yangu akafariki. Zengo naye akafariki, Mungu amrehemu. Kila Pasaka nikasema, Pasaka ijayo. Miaka ya kwanza alinizuia yeye. Miaka yote iliyobaki nilijizuia mwenyewe, kwa aibu na uvivu wa moyo. Kila nilipokwenda kumtembelea Somanda alinisimamisha mlangoni: "Wifi, umekuja na majivu?" Watoto walidhani ni utani wetu tu wa mawifi, wakacheka. Na kweli ulikuwa utani. Lakini alikuwa anadai.

Mara ya mwisho nilimwahidi mwaka juzi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wewe hutasema mpaka nikuwekee karatasi mkononi na watu mbele na jeneza pembeni. Siku hiyo utakimbilia wapi?" Nikadhani anatania.

Miaka mingine ya maisha yake imeandikwa nyuma ya karatasi yenu, Boniventura ameipanga vizuri: uongozi wake katika Jumuiya, akina mama aliowafundisha kupika sabuni, nyumba ya bati aliyojenga na Selestini. Kaka yangu alifariki tarehe 9 Agosti 1991, akazikwa hapa hapa Kasoli kwa baba zetu. Siku ile marehemu alikuja, akazika mume wake, akapanda gari akarudi kabla chakula hakijaiva. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia kaa, vilevile. Ndani ya gari aliniambia, "Mimi nitalala kando ya mume wangu, wapende wasipende. Wewe ndiye utakayenifungulia."

Ugonjwa ulianza mwaka 2011, kifua kikambana. Daktari alisema ni moshi wa miaka mingi. Alitibiwa hospitali ya Somanda, na wauguzi walimhudumia vizuri, tunawashukuru. Mwezi wa tatu mwaka huu, alipopata nafuu, alimwita Benadetha, akaketi kwenye kiti na kuamuru, Benadetha akakoroga, wakapika mara ya mwisho. Vipande vile alivifunga kwenye gazeti, akaandika juu kwa kalamu: "Ya Kasoli." Benadetha akamuuliza, "Mama, Kasoli kwa nani?" Akasema, "Kwa wote."

Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa nane mchana, akiwa kitandani kwake Somanda, alimwomba Kristofa amnawishe uso. Akanawishwa. Akasema maji ni mazuri. Baada ya muda mfupi akatutoka, bila maumivu, akiwa na umri wa miaka themanini na moja. Mimi nilikuwepo nimeshika mguu wake. Nawaambia kweli, nilipata huzuni, na juu ya huzuni nilipata nafuu, kwa sababu kifua kile kilimtesa na sasa kimetulia.

Ameacha watoto watatu, Boniventura, Benadetha na Kristofa. Wajukuu kumi na wanne. Vitukuu ishirini na mmoja. Shemeji, wapwa, na mwanangu Benedikta, ambaye alimwita mama kabla hajaniita mimi. Ameacha pia debe moja lililotobolewa na kopo la mafuta ambalo bado halijajaa. Msilitupe.

Na ameacha wifi mmoja, ninyi mnamwona, miaka yake sabini na sita, ambaye kwa miaka hamsini na saba aliwaacha mumwogope mtu asiye na kosa. Mzee mwenye kofia, uliuliza kama huyu ni yule wa majivu. Ndiye. Nimejibu. Kama kuna wa kukataliwa ardhi ya Kasoli, nikataeni mimi. Na kama hamtanikataa, basi sogeeni hapa karibu, acheni kusimama kule kwenye uzio kama wageni.

Tukishamlaza, pale mlangoni kuna ndoo za maji na zile sabuni alizoandika jina la kijiji chenu. Siku ya Luhaga kipande chake kilitupwa vichakani na mimi nikiangalia. Leo nitanawa wa kwanza, mpaka kwenye viwiko, na nitasimama pale nikiwaona mmoja mmoja. Inanuka kidogo. Itawatoa uchafu.

Bwana akupe pumziko kando ya Selestini, wifi yangu. Nimekuja nayo leo. Majivu yale niliyazoa mimi.